Mtoto hapati choo bila kipande cha sabuni, na mimi naambiwa nimembemenda

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa miaka 24, naishi kijiji kimoja cha Wilaya ya Kongwa, upande wa Mlali. Nina watoto wawili. Binti yangu wa kwanza ana miaka 3 na hajawahi kunisumbua. Wa pili ni wa kiume, ana wiki 11, na huyu ndiye anayenifanya nikuandikie.

Nilijifungua salama kituo cha afya. Mtoto alikuwa na kilo 3.1, alilia vizuri, akashika ziwa. Kesho yake tukaruhusiwa. Hakuna aliyeniuliza kama amepata choo, na mimi sikujua kama ni jambo la kuulizwa. Siku ya tatu nyumbani nikaona nepi zina mkojo tu, na tumbo limeanza kujaa. Siku ya nne mama mkwe akachonga kipande cha sabuni ya mche, akakilowesha, akamwingizia nyuma. Kikatoka choo cheusi kama lami, kingi, pamoja na hewa, tumbo likashuka. Tulimshukuru Mungu.

Tangu siku hiyo hajapata choo mwenyewe hata mara moja. Anakaa siku 5, siku 6, tumbo linakuwa gumu na linang'aa mpaka mishipa inaonekana, na ziwa anakataa. Tukimwekea sabuni choo kinaruka kwa nguvu, cha majimaji, kina harufu mbaya sana. Akishamaliza analala, ananyonya vizuri siku mbili, halafu inaanza upya. Kutapika ni kawaida yake, ila wiki hii ametapika mara mbili rangi ya kijani. Kliniki ya wiki iliyopita alikuwa na kilo 3.9.

Zahanati nimeenda mara tatu. Mara mbili nilipewa dawa ya gesi. Mara ya tatu nikaambiwa mtoto anayenyonya anaweza kukaa wiki nzima bila choo, niache wasiwasi. Nilipowaeleza habari ya kutapika kijani, muuguzi mwingine akaniandikia karatasi ya rufaa. Bado ninayo kwenye pochi.

Shida yangu nyingine mama ni hii. Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa. Mume wangu ni fundi, yuko kwenye ujenzi Dodoma mjini, anarudi mwisho wa mwezi. Sasa mtu akisema mtoto amebemendwa na baba yake hayupo, unajua anachomaanisha. Mume wangu ameshaambiwa. Tangu hapo simu zangu hapokei na nauli hajatuma. Mama mkwe anataka tumpeleke kwa mganga akachanjwe tumboni na apewe dawa ya kunywa. Wifi yangu anasema ni udongo wa pemba niliokuwa nakula nikiwa mjamzito.

Nimechoka, mama. Usiku nikimtazama nimeanza kujiuliza kama kweli ni mimi. Naomba uniambie mtoto wangu anaumwa nini, na kama ni mimi niliyemfanya hivi.

Mama B., Kongwa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako isingeweza kungoja zamu ya safu hii, ndiyo maana nilikupigia usiku ule ule nilioisoma. Mtoto mchanga mwenye tumbo lililojaa anayetapika kijani ni wa kupelekwa hospitali usiku huo, hata kama nauli ni ya kukopa. Namshukuru jirani yako aliyekukopesha. Sasa mmelazwa, mtoto amewekewa dripu, na nafasi ya kuzungumza ipo. Usiku ule mtoto alikuwa analia mgongoni na mtandao unakatika, kwa hiyo nayaandika tena niliyokuambia, pamoja na yale ambayo sikuyafikia. Wayasome na wenzako wenye watoto kama wako.

Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linalokunyima usingizi.

Si wewe. Sisemi hivyo kukubembeleza. Nasema hivyo kwa sababu ya tarehe.

Ugonjwa ninaoushuku kwa mwanao unaitwa Hirschsprung, jina la daktari aliyeuelezea. Utumbo wetu husukuma choo kwa kubana na kulegea kwa zamu, na zamu hizo zinaongozwa na seli ndogo sana za neva zilizomo ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe. Mtoto anapoumbika, seli hizo hazioti mahali pake. Zinasafiri kutoka juu kwenda chini, kuanzia upande wa koo hadi kwenye njia ya haja kubwa. Safari hiyo huanza karibu wiki ya 5 ya mimba na huisha karibu wiki ya 12. Kwa watoto wachache inakatikia njiani, kama nguzo za umeme zilizoishia kijiji cha jirani. Sehemu ya chini ambayo seli hazikufika inabaki imebana wakati wote, haijui kulegea. Choo kinashuka vizuri kutoka juu, kikifika hapo kinasimama.

Sasa hesabu mwenyewe. Uliniambia kwenye simu kwamba kliniki ya mimba hii ulianza mwezi wa tano. Wiki ya 12 ni mwezi wa tatu. Kama ni ugonjwa huu, basi jambo lilishatokea kabla hujachukua hata kadi ya kliniki, na miezi sita kabla mtoto hajalishika ziwa lako. Kubemenda, kwa maelezo ya wazee wetu, ni mama anayenyonyesha kukutana na mwanaume, na mtoto akadhoofika kwa ajili hiyo. Mtoto wako alikuja duniani na tatizo lake. Siku nne za kwanza zile, ulipokuwa bado unakaliwa na kukandwa maji ya moto, tumbo lilikuwa limeshajaa. Hakuna jambo lolote ulilofanya au usilofanya baada ya kujifungua linaloweza kurudi nyuma mpaka mwezi wa tatu wa mimba.

Pemba nayo haihusiki. Ilikuwa inakupunguzia damu, mimba ijayo uiache kwa ajili hiyo, lakini haikuzuia seli za mtoto kusafiri. Wakati mwingine tatizo hili hutembea kwenye ukoo kwa njia ya vinasaba, na vinasaba havichaguliwi na mama wala baba, kwa hiyo usije ukaigeuza lawama ukaipeleka kwa mume.

Sitawabeza wazee kwa neno kubemenda. Waliona mama anashika mimba nyingine mapema, anamwachisha ziwa mdogo, na yule mdogo ananyauka. Waliona kweli. Ila neno hilo limekuwa gunia la kutupia kila mtoto asiyenenepa, na humo ndani ya gunia wapo watoto wenye magonjwa yenye majina na yenye upasuaji.

Nimekuambia "ninaoushuku" kwa sababu sijamgusa mtoto wako, na hata daktari aliyemgusa hawezi kuthibitisha kwa macho. Lakini nikuambie kwa nini barua yako ilinishtua nilipofika tu kwenye siku ya nne. Watoto wengi mno waliozaliwa kwa wakati wao hupata kile choo cheusi cha kwanza ndani ya saa 24. Saa 48 zikifika, karibu wote wameshakipata. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni, aliyelia na kunyonya vizuri, halafu akavuka siku ya pili bila choo, ana jambo la kutazamwa, na wengi wa wenye ugonjwa huu huanza hivyo hivyo. Wako alifika siku ya nne, na hata hapo hakupata mwenyewe, alisaidiwa.

Swali la choo cha kwanza ni la sekunde tano. Nimefanya kazi wodi ya watoto zaidi ya miaka 20 na bado ninabeba mtoto mmoja moyoni. Aliletwa akiwa na miezi 7, miguu kama vijiti, tumbo kama ngoma. Tukamweka kwenye maziwa ya utapiamlo. Kila siku tulimpima, tukaandika, tukabadilisha maziwa. Wiki ya tatu bibi yake, aliyekuwa anamuuguza, akasema kwa bahati tu wakati wa kubadilisha nepi: "Huyu tangu azaliwe hanyi mpaka afunguliwe." Mimi ndiye niliyempokea mtoto yule na kumjazia faili, na sikuuliza. Alifariki siku mbili baadaye, kabla hata hajafika kwa daktari wa upasuaji. Kwa hiyo ninapouliza siku ya choo cha kwanza, sifuati kitabu.

Na usidhani ni wewe na mama mkwe tu mliotazama mahali pasipo penyewe. Daktari Harald Hirschsprung wa Copenhagen alieleza habari za watoto wawili mwaka 1886, utumbo wao mpana umetanuka kupita kiasi, na kwa miaka mingi madaktari wakaamini ile sehemu iliyotanuka ndiyo inayoumwa. Walikuwa wanaikata hiyo, na mtoto anarudi vile vile. Ilichukua karibu miaka 60 mpaka ikaeleweka kwamba pale palipovimba ni pazima, panasukuma tu kwa shida, na pagonjwa ni pale chini penye sura ya kawaida. Mwaka 1948 Orvar Swenson na mwenzake, huko Boston, wakachapisha upasuaji wa kuondoa sehemu ya chini isiyo na seli na kuivuta sehemu iliyo nzima, yenye seli, ishuke mpaka kwenye njia ya haja. Upasuaji wa leo una namna kadhaa, ila wazo ni hilo hilo.

Zahanati hawakukudanganya. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishavuka wiki 6 hivi, anaweza kweli kukaa wiki bila choo na akawa mzima. Lakini huyo tumbo lake ni laini, ananyonya, anacheka, uzito unapanda, na siku choo kikija kinakuja chenyewe, laini. Wako alizaliwa na kilo 3.1, akiwa na wiki 10 ana kilo 3.9. Ni gramu 800 kwa siku 70, kama gramu 11 kwa siku. Umri huo tunatazamia gramu 20 hadi 30. Ukiweka hesabu hiyo kando ya tumbo linalong'aa, maneno "aache wasiwasi" hayana pa kukaa tena.

Sasa niseme la hatari, hasa kwa mnaosoma mkiwa nyumbani. Mtoto wa namna hii akikaa na choo kimesimama, utumbo unaweza kupata maambukizi makali. Homa inapanda, tumbo linajaa zaidi, analegea, halafu anaanza kuhara ghafla, choo cha kuruka chenye harufu kali. Hapo ndipo watu wanaposema "afadhali, amefunguka." Hajafunguka. Hicho ndicho kinachowaua wengi wao, na kinaweza kuwamaliza kwa muda mfupi sana. Kuhara kwa mtoto aliyekuwa hapati choo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Na kutapika kijani, rangi ya mlenda uliosagwa, ni nyongo. Nyongo ikirudi juu kwa mtoto mchanga maana yake huenda njia imeziba mahali huko chini. Huenda ni ugonjwa huu. Huenda pia ni utumbo uliojisokota, ambao ukikosa damu kwa saa chache unaoza. Usisubiri kulipambanua hilo nyumbani, na njiani usimlazimishe ziwa. Ukifika, usikae foleni kimya. Nenda kwa anayepokea wagonjwa umwambie maneno haya mawili: anatapika kijani, tumbo limejaa. Kama ni mtoto mchanga wa siku za mwanzo, mwambie mhudumu wa zahanati apige 115. Ni namba ya bure ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, maarufu kama m-mama.

Nirudi kwako wodini. Nataka ujue kila wanachofanya, usiwe unaona tu mtoto anachukuliwa na kurudishwa.

Daktari atatazama kwanza njia ya haja yenyewe, kama ipo mahali pake na kama si nyembamba mno. Wapo watoto wanaozaliwa bila tundu, au na tundu dogo mahali pasipo pake, na hilo hugundulika kwa kumfungua tu nepi kwenye mwanga. Kisha ataingiza kidole kidogo. Mara nyingi kwa ugonjwa huu kidole kinahisi kimebanwa, kikitoka kinafuatwa na hewa na choo kwa kishindo, vile vile unavyoona nyumbani ukitoa sabuni. Kwa hiyo mwelezee habari ya sabuni. Usione haya. Mtoto asiyepata choo mpaka achokozwe ni maelezo muhimu kwake kuliko ukimwambia tu "anafunga choo." Na kama alishakunywa dawa yoyote ya miti shamba, hata kijiko kimoja, mtaje aliyempa na siku aliyompa, maana nyingine zinaumiza figo na ini, na wanaotoa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji lazima wajue.

Halafu picha. Ya kwanza ni eksirei ya kawaida ya tumbo. Ya pili ni ya dawa inayopitishwa nyuma kwa mpira mwembamba, dawa ambayo kwenye picha huonekana nyeupe. Wanachotafuta ni umbo la faneli: chini pembamba, juu pamepanuka ghafla. Wanaweza kumrudia kesho yake kuona kama dawa bado imo ndani. Kuna jambo dogo hapa linaloharibu kazi kubwa. Mtoto akisafishwa utumbo kabla ya picha hiyo, ile sehemu iliyotanuka inanywea na umbo la faneli linapotea, picha inaonekana safi. Hali yake ikiruhusu, wanapenda kupiga picha kwanza, kusafisha baadaye. Ikiwa hali ni mbaya watamsafisha kwanza kuokoa maisha, na hapo ni sawa, ila wewe mkumbushe anayepiga picha kwamba mtoto alisafishwa jana. Wodi hubadilishana zamu, mama ndiye asiyebadilishwa. Anaweza pia kupimwa damu, pamoja na homoni za tezi ya shingo, kwa kuwa tezi iliyolala tangu kuzaliwa nayo hufanya mtoto afunge choo na asikue.

Picha hata iwe nzuri namna gani haimalizi kesi. Kinachomaliza ni kinyama. Wanakata kipande kidogo mno cha ukuta wa utumbo, kupitia njia ya haja, sentimita 2 au 3 juu ya mstari pale ngozi inapokutana na utumbo. Zipo hospitali zenye kifaa cha kunyonya kipande hicho mtoto akiwa macho, na hapo juu ya mstari hakuna maumivu kama ya ngozi. Pasipo na kifaa, anapelekwa chumba cha upasuaji, analazwa usingizi, wanachukua kipande kinene zaidi. Njia zote mbili ni halali. Kipande kinaenda maabara, mtaalamu anakitazama kwa hadubini akitafuta zile seli za neva nilizokueleza.

Usishtuke wakikuambia kinyama hakikutosha, kichukuliwe tena. Kikichukuliwa chini mno, seli huwa chache hata kwa mtoto mzima. Kikiwa chembamba mno, ile tabaka wanayoitafuta haimo. Kurudia si uzembe. Uzembe ni kutoa jibu kwa kipande kisichofaa.

Majibu huchukua siku, pengine wiki, na huandikwa kwa Kiingereza. Nimeshuhudia baba mmoja akitoka maabara anacheka, amebeba karatasi juu, anatangaza wodini kwamba mtoto hana kitu, kwa sababu mtu wa mlangoni alimtafsiria neno moja tu: "hazikuonekana." Kisichoonekana kilikuwa seli za neva. Karatasi ikisema seli hazikuonekana, ugonjwa upo. Ikisema zimeonekana, ugonjwa huu haupo, na safari ya kutafuta sababu nyingine inaanza. Usiikubali tafsiri ya korido. Mwambie daktari akusomee akiwa amekaa.

Ukiwa na jibu la kwamba upo, mtoto wako atakuwa mmoja kati ya takriban 5,000 wanaozaliwa, na wa kiume huupata zaidi, karibu mara nne ya wa kike. Kwa nchi inayozaa zaidi ya watoto milioni 2 kwa mwaka ni watoto kama 400. Wachache, lakini si wachache wa kuita laana. Kwa wanane kati ya kila kumi, tatizo liko kwenye kipande cha mwisho tu cha utumbo, na hao ndio wepesi zaidi kutibika.

Wakati mnasubiri, wauguzi watakuwa wanamsafisha kwa mpira laini na maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa joto kidogo. Simama karibu, tazama mikono yao, omba kufundishwa. Lakini usije ukafanya nyumbani kwa maji matupu ya bombani. Maji matupu hunywewa na utumbo, chumvi ya damu inashuka, mtoto anaweza kuingia degedege. Na sabuni iishe hapo hapo ilipo.

Kwa kuwa uzito wake ni mdogo, wanaweza kuamua kumtolea kwanza choo tumboni, yaani kipande cha utumbo kinaletwa nje kwenye ngozi na choo kinapita hapo mpaka anenepe. Najua kijijini watasemaje. Kinaonekana chekundu na chenye unyevu, kama ndani ya shavu. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa, na kukigusa hakumuumizi. Kikigeuka cheusi, piga kelele. Mifuko yake ni ghali na haipatikani kila mahali. Akina mama wengi niliowalea wodini walikata khanga kuukuu laini, wakapaka mafuta mazito ngozi ya pembeni isichubuke, wakafunga juu kwa kitambaa, na watoto wakapata vitambi. Baadaye ndipo hufanyiwa upasuaji mkubwa wa kuivuta sehemu yenye seli ishuke. Baadhi hupita moja kwa moja kwenye huo bila kutoboa tumbo.

Uulize kama hapo mlipo kuna daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, na kama hayupo, mtapelekwa wapi. Muhimbili ya Dar es Salaam wapo, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi pia. Siku hizi kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa treni ya SGR ni mwendo wa saa chache, siyo ile safari ya basi ya kutwa nzima na mtoto mgonjwa mapajani. Kuhusu hela, sera inawasamehe watoto walio chini ya miaka 5 kwenye hospitali za serikali, ila wewe na mimi tunajua dawa huisha na vipimo vingine huombwa fedha. Kabla hujakopa tena, mwombe muuguzi akupeleke kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ana ofisi, na kazi yake ni hiyo.

Baada ya upasuaji wengi hukua, wakaenda shule, wakakimbia kama wenzao. Sitakuficha kwamba wengine huendelea kufunga choo au kuchafua nguo kwa miaka kadhaa, na yale maambukizi yanaweza kumrudia hata baada ya kupasuliwa. Homa na tumbo kujaa vitabaki kuwa sababu ya kukimbia hospitali, hata akiwa na miaka 2. Na ukija kupata mimba nyingine, mwambie mkunga mapema: kwa ndugu wa mtoto mwenye ugonjwa huu uwezekano ni takriban 4 kati ya 100, kwa hiyo msiondoke hapo mpaka choo cheusi kionekane.

Sasa watu wako.

Mama mkwe alichukua simu yako usiku ule. Ni mtu mzima mwenzangu, tukasalimiana vizuri, nikajua atanigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ile sabuni imemharibu?" Nilimjibu ukweli. Sabuni inachubua, asiendelee nayo. Lakini ile siku ya nne, ilipotoka ile hewa na choo cheusi, tumbo lilipata nafasi. Akanyamaza muda mrefu. Mwanangu, yule si adui yako. Alikuwa anatafuta jina la kitu kinachomtisha, na jina alilokuwa nalo ni hilo moja. Usimwambie "nilikuambia." Mwambie: "Mama, daktari anasema shida yake ni ya tangu tumboni, kabla hata hajazaliwa. Njoo ukae naye mchana, mimi nipumzike." Akisikia kutoka kwa daktari mwenyewe itamwingia kuliko kutoka kwako au kwangu.

Na wewe baba yake, kama umesomewa hii. Uko mjini hapo hapo alipolazwa mwanao, jioni ukitoka saiti unafika kwa bodaboda moja. Mke wako alikwenda zahanati mara tatu peke yake, na karatasi ya rufaa ilikaa kwenye pochi kwa sababu ya nauli. Ninakuomba uende jioni ya leo. Omba kuonana na daktari, mwulize seli hizo hukatikia njiani wiki ya ngapi ya mimba. Sikiliza akujibu mwenyewe, kisha nenda kitandani kwa mkeo ukamsalimu.

Mama B., nyuma ya kadi ya kliniki andika mambo manne: saa aliyozaliwa, siku ya choo cha kwanza na namna kilivyopatikana, siku alizotapika kijani, na kilo zake kwa tarehe. Kila daktari mpya akija, mpe kadi kabla hajakuuliza. Kinyama kikishachukuliwa, uliza namba ya sampuli na siku ya majibu, uandike hapo hapo chini. Namba yangu unayo. Karatasi ikitoka na hakuna wa kukusomea, nipigie tuisome pamoja neno kwa neno, hata kama ni usiku.